Taa ya Breki kwenye Mguu wa Kinyozi

Alhamisi ile Pasi aliipiga taa. Haikuanguka, haikuteleza, wala hakuna aliyemsukuma. Aliipiga mwenyewe, kwa kiganja, kwa hasira, na kichwa cha taa kikazunguka kwenye shingo yake ndefu kikaenda kubamiza ukingo wa sinki. Nusu ya vitaa vyake vikafa hapo hapo.

Aliyemtia hasira alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Pasi alikwenda kuomba glavu, mtunza stoo akamwangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani, halafu akasema, "Wewe si fundi simu wa kibandani? Siku hizi umevaa koti jeupe unajiona daktari." Hilo tu. Mtu mwingine angemrudishia moja mbili, wakacheka, akachukua glavu zake akaenda. Pasi hakujibu. Alirudi chumba cha pili damu ikimchemka, akaufunga mlango kwa teke, na kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake ilikuwa taa. Basi taa ikala kofi la mtunza stoo.

Jina la Pasi alipewa kibandani, kwa sababu mbili. Kwanza, pasi ya kuchomelea haikumtoka mkononi tangu asubuhi mpaka jioni. Pili, yeye mwenyewe alikuwa anapata moto haraka kuliko hiyo pasi. Shule aliiacha njiani baada ya kubishana na mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima, na uchungu wenyewe ni kwamba kwenye ile hesabu yeye ndiye aliyekuwa amepatia. Lakini mikono alikuwa nayo. Simu iliyotumbukia chooni, simu iliyokanyagwa na lori, alikuwa anazifungua, anazipuliza, anachomelea kinukta kimoja huku na kingine kule, na simu inaita.

Aliyempeleka hospitali ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Shangazi alikuwa mfagiaji pale kwa miaka kumi na tisa. Anajua kila mlango unaolia na kila daktari anayetupa pamba chini. Siku aliposikia mradi wa dawa ya mwanga unatafuta mtu wa kuangalia taa, anayejua umeme kidogo na mwenye mkono mtulivu, alikwenda kwa Daktari na fagio lake mkononi, hata hakuliweka chini. Akasema, "Daktari, mimi nina binti. Mdomo wake mkali, hilo nakwambia mapema. Lakini mikono yake haikosei. Akikosea, njoo unishike mimi."

Huyo Daktari ndiye aliyekuwa na mradi. Wafanyakazi walimwita Mama Chembe, nyuma ya mgongo wake, maana ukikaa naye dakika mbili lazima akuletee habari za chembe zake. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya kibuluu, kwenye chupa ndogo iliyofungwa karatasi ya foili ili isione mwanga kabla ya wakati wake. Ndani ya maji hayo kulikuwa na chembe za kitu kilicho jamii ya plastiki, laini, isiyo na chuma hata kidogo. Ndogo kupita kiasi.

"Zikipanga foleni elfu moja," Daktari alikuwa anawaambia wagonjwa, "ndiyo zinafika upana wa unywele mmoja."

Na mgonjwa mmoja akamjibu, "Unywele wa nani, Daktari? Maana mimi nywele nimezishika za kila aina. Kuna unywele mwingine ni waya."

Huyo alikuwa Babu Kinyozi. Alikuwa amenyoa vichwa miaka arobaini, wima, kwenye chumba kimoja chenye kioo kimoja na kiti kimoja cha kuzunguka. Sukari ikampanda, miguu ikafa ganzi, na siku moja kipande cha wembe kikamchoma chini ya mguu wa kushoto bila yeye kujua. Akatembea nacho siku tatu. Alipovua kiatu, soksi ilikuwa imeganda. Kidonda kikaingia vijidudu sugu, vile ambavyo dawa za kawaida vinazinywa kama soda. Sindano zikapita, vidonge vikapita, kidonda kikabaki palepale kinamwangalia. Ndipo akaletwa kwenye mradi, akaweka sahihi yake, akapangiwa chumba cha pili, kwa Pasi.

Kazi ilikuwa hivi. Muuguzi, aliyeitwa Sista na kila mtu, anasafisha kidonda na kudondoshea dawa. Wanasubiri robo saa chumba kikiwa giza. Halafu Pasi anaivuta taa, anaiweka shubiri moja kutoka kwenye mguu, anampa mgonjwa miwani myeusi, anawasha nusu saa. Zile chembe zimelala. Zikipigwa na mwanga wa rangi yao zinaamka, zinaigeuza hewa iliyo karibu nazo kuwa kali, na hewa hiyo kali inavitoboa vijidudu ngozi. Kijidudu kinaweza kuzoea sumu, Daktari alisema, lakini kuzoea kutobolewa bado hakijajifunza. Mwanga ukizimwa, chembe zinalala tena. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Na ilikuwa inafanya kazi. Wiki tatu za kwanza kidonda cha Babu kilirudi nyuma kabisa. Harufu ikaisha. Pembeni pakaanza kuota nyama mpya.

"Mke wangu," Babu alikuwa anamwita Pasi hivyo, utani wa babu na mjukuu, "hii taa yako ingekuwa inaotesha nywele, ningekwisha kuiiba."

"Uiibe uende nayo wapi na huo mguu?"

"Ndiyo maana nasubiri upone kwanza."

Pasi, ambaye hakuwa na subira na mtu, kwa Babu alikuwa nayo. Alikuwa anamfunga kamba za kiatu akiondoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa Alhamisi ile taa imekufa nusu, na Babu anakuja kesho yake asubuhi.

Angeweza kusema. Mlango wa Daktari ulikuwa hatua ishirini. Angegonga, akasema, nimeipiga taa, naomba nyingine. Daktari angekunja uso, angeandika barua, taa ingekuja baada ya siku kadhaa na Babu angehamishiwa chumba cha kwanza kwa muda. Basi, hakuna kidonda ambacho kingeoza kwa hilo. Lakini Pasi aliziona zile hatua ishirini, akamwona na shangazi yake amesimama na fagio, akishikwa yeye. Akaona pia mtunza stoo akicheka. Kusema kweli, huyo wa mwisho ndiye aliyemzuia zaidi.

Akafungua kichwa cha taa, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka nacho jioni.

Kibandani alipofanyia kazi zamani walimpisha meza. Alivitoa vile vitaa vilivyokufa akaviangalia. Vyekundu, vidogo kama punje ya mtama, havina hata chapa. Nyekundu ni nyekundu, akajiambia. Jirani yake alikuwa fundi wa pikipiki, ana boksi zima la taa za breki, za nyuma, zile zinazowaka mtu akikanyaga. Pasi akachukua tatu mpya, akang'oa vitaa vyake, akavilinganisha na vya hospitali kwa jicho. Rangi moja. Tena vya breki viling'aa zaidi, vilichoma macho. Akaona kwamba hata hajaharibu, ameboresha. Na ili vyote vifanane, akang'oa hata vile vya zamani vilivyobaki vizima, akapanga vya breki kichwa kizima, akachomelea kimoja kimoja, safi, mstari kwa mstari, kazi ambayo fundi yeyote angeiangalia akatikisa kichwa kwa kuipenda.

Asubuhi aliirudisha taa kwenye shingo yake. Akaipima kwa kile kipima mwanga cha mradi. Kipima kikasoma kama siku zote. Mashine ile ilikuwa inapima nguvu ya mwanga, basi. Mwanga wenyewe ni wa aina gani haikuwa kazi yake. Pasi hakujua hilo. Alishusha pumzi, akampigia mtunza stoo mluzi alipompita kwenye korido.

Babu akaja, akalala, akavaa miwani.

"Leo taa imenenepa," akasema.

"Imekula vizuri."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Jumatatu, mara ya pili. Jumatano, ya tatu. Ijumaa, ya nne. Sista alipofungua bandeji siku hiyo alivuta pua. Pasi aliisikia pia ile harufu, lakini akajitia kuangalia waya. Jumatatu iliyofuata nyama mpya ilikuwa imegeuka kijivu, na kidole cha tatu kimevimba, kimekaza kama kimejazwa upepo.

"Babu, umekuwa unatembea sana?" Sista aliuliza.

"Natoka kitandani naenda chooni. Labda niache na choo."

"Na sukari unapima?"

"Napima. Iko chini kuliko mshahara wako, Sista."

Sista alicheka. Pasi hakucheka. Alianza kujirudia kimoyomoyo. Nyekundu ni nyekundu. Kipima kimesoma sawa. Na mambo ya vidonda yana Mungu.

Jumatano, mara ya sita, Daktari alikuja mwenyewe chumba cha pili. Alikuwa na wasiwasi. Aliinama kwenye ule mguu kwa muda mrefu, halafu akakaa kwenye kiti na kuanza kusema na Sista, kwa sauti ya mtu anayejibishana na kichwa chake.

"Chupa ni ileile ya chumba cha kwanza. Kule wanapona. Vijidudu nimevipima maabara, ni vilevile. Dawa haijaona mwanga. Muda ni uleule. Sielewi."

"Labda mwili wake umekataa," Sista alisema.

"Labda." Daktari aliiangalia taa. Pasi alikuwa ameishika shingo, anaifuta na kitambaa, na kitambaa kikasimama. "Ningesema ni taa, lakini nguvu inasoma sawa. Na hizi taa zilitengenezwa kwa ajili ya chembe hizi tu. Watu wanadhani nyekundu ni nyekundu. Siyo. Hii ni nyekundu iliyo ndani sana, karibu jicho linaanza kuipoteza, ndiyo maana inaonekana hafifu. Ukiweka nyekundu ya kawaida, hata iwe kali kama moto, chembe haziamki. Utakuwa unamulika maji."

Alisema hivyo akainuka akaenda zake, ana wagonjwa wengine.

Pasi alibaki na kitambaa mkononi. Taa ilikuwa inawaka mbele yake, nyekundu, kali, inapendeza, imemulika mguu wa mtu aliyelala na miwani myeusi akiamini anatibiwa. Taa ya pikipiki. Nusu saa, mara sita, alikuwa amemwekea mzee wa watu breki kwenye kidonda.

"Mbona kimya, mke wangu?" Babu aliuliza kutoka chini ya miwani.

"Nahesabu dakika," akasema.

Sasa hapa ndipo ilipo dhambi yake, na yeye mwenyewe anajua. Kabla ya hapo alikuwa mjinga, na ujinga una afadhali yake. Lakini kuanzia Jumatano ile alikuwa anajua.

Alhamisi hakusema. Aliamka na maneno yote mdomoni, akayapanga njiani, alipofika getini yakamezwa. Ijumaa asubuhi alijaribu njia ya uchochoroni. Alikwenda chumba cha kwanza kuazima taa.

"Taa yangu inacheza cheza," alimwambia muuguzi wa kule. "Nipe yako nusu saa tu."

"Nina watu sita wanasubiri. Inacheza vipi? Nimwite Daktari?"

Neno lilikuwa pale pale. Ndiyo, mwite. Maneno mawili. Pasi akasema, "Hapana, nitaikaza mwenyewe."

Akarudi chumba cha pili. Babu alikuwa keshalala. Pasi akavuta taa, akapima shubiri, akambandika miwani, akaiwasha. Mara ya saba. Alikaa nusu saa nzima akiangalia ukutani, na kila alipolazimika kuangalia mguu, macho yake yalikuwa yanateleza yanaenda kwenye kiatu kilichokuwa chini ya kitanda, kimoja.

Mwisho wa wiki Babu akalazwa, na Jumatatu asubuhi walikikata kidole. Mbeba wagonjwa hakuwepo, kwa hiyo aliyemsukuma Babu kwenye kitanda cha magurudumu kutoka wodini mpaka mlango wa chumba cha upasuaji alikuwa Pasi. Korido ndefu. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

"Unajua," Babu alisema akiangalia darini, "kidole cha tatu sijawahi kukitumia kwa lolote. Sijui hata kilikuwa kinafanya nini pale."

Pasi akakaza mikono kwenye chuma.

"Cheka basi. Mimi ndiye nakatwa, na mimi ndiye nachekesha. Kazi zote nifanye mwenyewe?"

Pasi alijikaza akatoa kicheko. Kilitoka kibaya, kama kikohozi. Mlango ukafunguliwa, wakamchukua, na yeye akabaki na harufu ya spiriti.

Kukatwa kidole hakukusaidia. Jumanne wekundu ulikuwa umevuka kifundo na unapanda. Daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alisimama mlangoni mwa wodi akamwambia Mama Chembe mbele ya Sista, na Pasi anasikia: dawa yako imeshindwa, sindano zimeshindwa, mimi sitaki sumu ifike kwenye damu. Alhamisi nakata chini ya goti. Na Mama Chembe, aliyekuwa na maneno siku zote, hakubisha. Alisema tu kwamba atasimamisha mradi wote mpaka ajue alikokosea. Alisema "nilikokosea". Pasi alisikia hilo neno likimwingia kama msumari.

Mchana alimfuata shangazi yake kwenye kile chumba cha ndoo na madekio. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunywa chai. Pasi akafunga mlango, akamwambia yote. Kofi, pikipiki, nyekundu, Ijumaa. Hakuficha kitu.

Shangazi alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Akakisuuza kikombe. Akakitundika.

"Sijasikia," akasema.

"Shangazi."

"Masikio yangu siku hizi mabovu. Umekuja kunisalimia, nimekusalimia. Nenda kazini."

"Shangazi, wanamkata mguu keshokutwa."

"Na mimi wananikata nini?" Shangazi aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Nimemwambia yule mama, akikosea nishike mimi. Miaka kumi na tisa nainama kwenye sakafu hii. Ningeinama na mingine sita, nikapumzike. Wewe umeipiga taa kwa sababu mtu kakuita fundi simu. Kwani wewe si fundi simu?"

Pasi akaangalia koti lake jeupe.

"Nakupa mlango," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Sijasikia. Hakuna anayejua. Mzee ana sukari, watu wa sukari wanakatwa kila siku, hakuna atakayekuuliza. Ukitoka hapa umenyamaza, nitanyamaza nawe mpaka naingia kaburini. Lakini usije kuniomba nikwambie umefanya vizuri."

Angempiga ingekuwa nafuu. Pasi alisimama kwenye harufu ya sabuni na madekio mabichi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hasira ilimpanda ikakosa pa kwenda. Mtunza stoo hakuwepo. Mwalimu wa hesabu hakuwepo. Ilizunguka mle ndani ikamrudia mwenyewe.

Alitoka na kwenda chumba cha pili, akakifungua kichwa cha taa kwa bisibisi, akakichukua kama kilivyo, waya zinaning'inia, akazitembea zile hatua ishirini. Hakugonga. Ndani alikuwamo Daktari, daktari wa upasuaji, na Sista. Akakiweka kile kitu juu ya makaratasi yao.

"Dawa haijashindwa," akasema. "Hii ni taa ya pikipiki. Niliivunja ile nyingine, nikabandika hizi. Tangu Ijumaa ya wiki mbili na nusu zilizopita. Babu hajapata mwanga wake hata siku moja."

Daktari wa upasuaji aliinua kile kichwa, akakigeuza, akakirudisha mezani taratibu.

"Mara ngapi?" Daktari aliuliza.

"Saba. Sita sikujua. Ya saba nilijua."

Sista akaweka mkono mdomoni. Daktari hakupiga kelele. Pasi alikuwa amejiandaa kwa kelele, kelele anaijua, angeijibu. Daktari alivua miwani yake akaifuta na upindo wa koti, akaifuta tena.

"Nani wengine walitumia chumba chako?"

"Wawili. Mama mfua nguo na yule fundi ujenzi. Vidonda vyao vidogo. Ninajua wanapokaa."

"Andika." Akamsukumia karatasi. Halafu akamgeukia daktari wa upasuaji. "Nipe siku tano."

"Siku tano hana."

"Nne. Taa ya chumba cha kwanza, asubuhi na jioni, kila siku. Wekundu ukipanda hata upana wa kidole, kata."

Daktari wa upasuaji alifikiri, akachukua kalamu ya wino, akasema, "Nakwenda kuchora mstari mguuni. Ukivuka mstari, sikuulizi." Akatoka.

Pasi alidhani ameshamaliza. Daktari akamwambia, "Bado hujamwambia mwenye mguu."

"Nilidhani wewe—"

"Mimi sikuivunja."

Babu alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mito miwili, mstari wa wino umeshazungushwa kwenye ugoko. Alimwona Pasi akatabasamu. Pasi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, haraka haraka, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kitabibu alisema kama anavyosema fundi: hii ilivunjika, nikaweka hii, ilitakiwa ile. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Lile tabasamu lilikuwa linaondoka polepole.

"Siku ya kidole," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Unanisukuma, na unajua."

"Ndiyo, Babu."

Mzee aliangalia ule mstari wa wino. Kitanda cha pili mtu alikuwa anakoroma.

"Mimi kinyozi," akasema. "Nimewahi kumkata mtu sikio. Kipande kabisa, kikadondoka kwenye shuka. Nikamwambia, bwana, nimekukata. Si kwamba nilikuwa mtu mwema. Damu ilikuwa inaonekana kwenye kioo, ningemficha vipi? Wewe damu yako haikuonekana." Akavuta shuka mpaka kiunoni. "Toka kwanza. Nikikuangalia napandwa na kitu kibaya."

Pasi akatoka.

Koti jeupe alilivua siku hiyo hiyo, akalikabidhi kwa mtunza stoo, ambaye habari ilikuwa imeshamfikia na ambaye, kwa mara ya kwanza, hakusema lolote. Shangazi aliitwa ofisini akapewa barua ya onyo, ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani aliikunja akaiweka chini ya godoro na hakuitaja. Alimpakulia Pasi chakula kama siku zote. Wakala wakiangalia sahani.

Siku nne zile Pasi hakuwa anaruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo alikuwa anakaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango wa wageni, akimsubiri Sista apite. Siku ya kwanza wekundu haukusogea. Siku ya pili ulikuwa umekaa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Siku ya tatu, vidole viwili. Siku ya nne Sista alitoka mbio mbio, akamkamata mabega.

"Umeshuka mpaka kwenye kifundo. Vijidudu vya maabara vimepungua mpaka hawaamini, wamerudia kuhesabu. Mguu haukatwi. Umesikia? Haukatwi."

Pasi alisikia. Furaha ilimjia yote kwa mpigo, akafunika uso kwa mikono. Halafu, mikono ikiwa bado usoni, ile furaha ikageuka. Siku nne. Taa ya kweli ilihitaji siku nne tu. Angesema Jumatano ile aliyojua, mpaka Jumatatu zingekuwa zimepita siku tano, na kidole kingekuwepo. Hakuna tena wa kumwambia labda ni sukari, labda mwili umekataa. Kadiri mguu ulivyopona ndivyo ilivyokuwa wazi nani alikula kidole. Na bado kila siku aliomba upone zaidi.

"Mbona unalia hivyo?" Sista aliuliza. "Nimekwambia haukatwi."

"Nimesikia, Sista. Asante."

Wale wengine wawili aliwafuata mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kabla barua ya Daktari haijawafikia. Fundi ujenzi alimtukana mpaka majirani wakatoka, na Pasi, ambaye angeweza kuyarudisha yale matusi na riba, alisimama akayapokea mpaka yakaisha. Mama mfua nguo hakutukana. Aliuliza tu arudi lini kwenye taa nzuri, akaingia ndani kuchukua khanga yake.

Babu aliporudi kwenye kiti chake cha kinyozi, baada ya miezi miwili, alikuwa anatembea na gongo, amejaza pamba mahali pa kidole ili kiatu kikae. Pasi alikwenda asubuhi, kabla ya wateja. Alisimama kizingitini. Mzee alikuwa anafuta kioo. Walionana ndani ya kioo kwanza.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akaendelea kufuta. "Umekuja kuuliza kama nimekusamehe."

"Ndiyo."

Babu alipumulia kioo mvuke, akafuta tena pale pale. Alichukua muda wake, kama mtu anayejipekua mifukoni kwa haki, anatafuta kitu alichoombwa.

"Bado," akasema. "Nimeangalia asubuhi hii, sijauona huo msamaha. Pita Ijumaa."

"Nitapita."

Alipita Ijumaa. Ikawa bado. Akapita na iliyofuata.